Ngozi Ikiwasha, Kidonge Kisitupwe



Katika mgodi kuna sheria moja ambayo hata mtumishi aliyeingia jana anaijua. Jiwe likianguka karibu nawe bila kukugusa, hunyamazi. Unamwambia shefu wa ekipe, naye anaandika. Jiwe lile halikuumiza mtu, lakini linaonyesha kwamba ukuta umeanza kulegea. Leo nasema juu ya jambo lingine ambalo watu wanalinyamazia, nami naona linastahili kuandikwa siku ile ile kama jiwe lile. Ni vipele na muwasho vinavyomtokea mtu anayemeza dawa ya kuzuia damu isigande.

Mtasema wagonjwa wa namna hiyo ni wachache. Ni kweli, hawafiki hata kidogo wingi wa wagonjwa wa malaria. Lakini wako katika kila kartie yetu. Mtu aliyevunjika mguu, akafungwa plasta, akalala majuma mengi bila kutembea, damu yake inaweza kuganda ndani ya mishipa ya mguu. Mama aliyezaa kwa kupasuliwa anaweza kupatwa na jambo hilo hilo. Mzee ambaye moyo wake unapiga bila mpango anapewa dawa hiyo ili bonge la damu lisipande kichwani na kumpooza upande mmoja wa mwili. Tena kuna vijana waliougua koo na maungo utotoni, ugonjwa ukaushika moyo, wakapelekwa mbali kuwekewa valvu ya chuma. Hao watameza kidonge maisha yao yote.

Wengi wanapewa warfarini, au asenokumaroli ambayo wanaijua kwa jina la Sintrom. Siku za kwanza wanachomwa heparini chini ya ngozi ya tumbo. Siku hizi kuna pia rivaroksabani na dawa nyingine za ukoo wake. Aspirini ndogo ya kila siku na klopidogreli zinafanya kazi kwa njia nyingine, lakini shabaha yao ni karibu ile ile. Katika dawa hizo zote hakuna hata moja ambayo naweza kuapa kwamba haitaleta vipele kwa mtu. Hazileti kwa wote, wala kwa wengi, lakini kwa baadhi ya watu zinaleta.

Hapa Katanga watu wanaiita dawa ya kufanya damu iwe maji. Jina hilo halinipendezi, maana linapoteza watu. Damu haigeuki maji. Uzito wake ni ule ule. Warfarini inazuia kazi ya vitamini K katika ini, na kwa hiyo ini linatengeneza kidogo vile vitu vinavyoifanya damu ishikane. Ng'ombe ndio waliotufundisha jambo hili. Katika miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini ya Marekani, ng'ombe waliokula majani makavu yaliyooza walitoka damu mpaka kufa. Katika jimbo la Wisconsin, Karl Paul Link na wenzake walitafuta sumu iliyokuwa ndani ya majani yale, wakaipata mwaka 1939. Kutoka hapo ikatengenezwa warfarini, ikauzwa kwanza kuwa sumu ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa watu. Nawaambia habari hii makusudi, sababu kuna mtu aliyesikia neno «sumu ya panya» kwa jirani akaogopa kumeza. Chumvi pia ukila kilo moja inakuua. Kinachotenganisha dawa na sumu ni kipimo, na ndiyo maana tunakuita kwenye labo kila mara kutafuta ile namba ya INR. Kwa mwenye bonge la mguu tunataka namba hiyo ikae kati ya 2 na 3.

Tatizo la lile jina la «maji» ni hili. Mtu akiambiwa damu yake inageuzwa, halafu akaona vipele, anavifasiri kwa njia mbili, na zote mbili ni mbaya. Mmoja anasema: damu chafu inatoka kwa ngozi, dawa inanisafisha, acha itoke. Anafurahi, ananyamaza, hata kama ngozi inaanza kuwa nyeusi na kuuma. Mwingine anasema: dawa hii inaniua, anatupa vidonge katika choo, naye pia ananyamaza. Huyu wa pili ndiye ninayemuogopa zaidi. Nitawaeleza sababu, na kosa langu mwenyewe limo ndani.

Wakati ule nilikuwa nikifanya kazi katika dispanseri nyingine, mbali na hapa. Kulikuwa na fundi mmoja wa mashini, mtu wa miaka arobaini na kitu, ambaye alivunjika mguu kwa pikipiki siku ya Mungu. Damu ikaganda katika mguu ule, akapewa warfarini kwa miezi mitatu. Plasta ilipotolewa, wakampa kazi nyepesi ya kufunga magunia ya hidroksidi ya kobalti. Alikuwa katika juma la pili la kazi hiyo alipofika kwangu asubuhi, na nyuma yake mustari mrefu wa mama wenye watoto wenye homa. Akanyoosha mikono, akasema: «Munganga, angalia, ninajikuna usiku kucha. Ni ile dawa ya damu.» Nikatazama mikono kidogo. Nikasema: «Labda, baba.» Nikampa pomadi, nikaita mgonjwa mwingine.

Neno lile «labda» ndilo alilorudi nalo nyumbani. Watu wananiita munganga, ingawa mimi ni msaidizi tu, na neno la msaidizi likisemwa ndani ya blouse nyeupe linakuwa na uzito kuliko msaidizi mwenyewe anavyodhani. Siku ile ile aliacha vidonge. Hakumwambia mtu, hata bibi yake. Siku ya 16 alipokuwa akipanda ngazi kifua kikamkamata, pumzi ikakatika, akatema damu kidogo. Bonge lilikuwa limetoka mguuni na kwenda kuziba mshipa wa pafu. Alifika lupitalo akiwa hai kwa sababu ambulansi ilikuwa karibu. Mara nyingi haiwi karibu.

Kisha munganga mkubwa wa lupitalo akamuuliza swali ambalo mimi sikuuliza: vipele vilianza wapi? Vilianza kwenye viwiko vya mikono, pale mifuko ya mikono inapoishia, na shingoni, pale kola ya salopeti inaposugua. Akamwambia avue shati. Kifua, mgongo na tumbo vilikuwa safi kabisa. Akamuuliza tena: na tangu ulipoacha dawa, vilipungua? Havikupungua. Siku 16 bila kidonge hata kimoja, na bado alikuwa akijikuna. Warfarini haikuwa na kosa. Ilikuwa ni vumbi la kobalti lililochanganyika na jasho. Kampani ikamhamisha magazini, akaanzishiwa tena warfarini ile ile, na ngozi yake ikapona huku akiimeza.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka katika nchi yetu, na kobalti ni mojawapo ya madini yanayojulikana sana kwa kuchokoza ngozi, pamoja na nikeli. Saruji na ngozi za mabote zina kromu, nayo ni ya namna hiyo. Kwa hiyo hapa kwetu mtu anayemeza dawa ya damu na kupata vipele ana washitakiwa wengi mbele yake. Haifai kumfunga wa kwanza tunayemwona.

Basi tujifunze kutazama. Vipele vya vumbi, mafuta au sabuni vinakaa pale kitu kilipogusa: mikononi, shingoni, kwenye kope, kiunoni chini ya mukaba, miguuni ndani ya mabote. Vinatokea siku moja mpaka tatu baada ya kugusa, na mara nyingi vinapungua ukiwa katika konje. Vipele vya dawa havijui kazi unayofanya. Vinaanza kifuani na mgongoni, vinatawanyika pande zote mbili sawasawa, vinashuka kwenye mikono na miguu. Kwa dawa mpya, mara nyingi vinatokea kati ya siku ya 4 na ya 14. Kama mwili uliwahi kukutana na dawa hiyo zamani, vinaweza kuja mapema zaidi. Kuna pia mabaka yanayovimba na kuwasha ghafula, yanahama kutoka sehemu moja kwenda nyingine katika muda wa saa chache. Aspirini inapenda kuleta hayo.

Kuna jambo la tatu ambalo si vipele kabisa, ingawa watu wanaliita hivyo. Ni damu inayovuja chini ya ngozi. Haiwashi. Ni vidoa vidogo kama vichwa vya pini, au mabaka makubwa ya rangi ya zambarau ambayo mtu hakumbuki aligongwa wapi. Chukua gilasi safi, ikandamize juu ya doa. Kipele cha kawaida kinafifia chini ya gilasi, damu iliyovuja haifichiki. Vitabu vyetu vya shule viliandikwa kwa ngozi nyeupe, vinasema tazama wekundu. Kwa ngozi zetu wekundu ni mgumu kuona. Tazameni viganja, nyayo, ndani ya midomo na chini ya kope, mahali palipo na mwanga wa jua, si chini ya balbu ya korido. Pitisheni mkono pia: ngozi yenye vipele inakwaruza kama kitambaa kibovu hata kama jicho halioni kitu.

Damu ikivuja chini ya ngozi ya mtu anayemeza warfarini, hatuulizi habari ya pomadi. Tunataka INR siku ile ile. Mara nyingi tunakuta namba imepanda sana, na tukichunguza nyumba tunakuta sababu. Mtu alikohoa, akanunua Bactrim kwa duka la dawa la pembeni. Au tumbo lilimuuma, akameza Flagyl ya jirani. Dawa hizo mbili zinaongeza nguvu ya warfarini vibaya sana. Tena Bactrim yenyewe ni bingwa wa kuleta vipele vya mzio. Kwa hiyo mtu huyo mmoja anaweza kuwa na vipele vya Bactrim na damu ya warfarini juu ya ngozi moja, halafu anakuja kutuambia: «Sikumeza kitu, munganga, ni kile kidonge chenu tu.» Tafadhali, baba, lete kila karatasi, kila kidonge, kila chupa ya mizizi. Sikukasirikii. Mizizi pia uilete. Kinini cha malaria nacho, kwa watu wachache, kinashusha vile vidude vya damu vinavyoziba jeraha, na madoa yanatoka.

Niseme pia neno moja juu ya chakula, maana mama wananiuliza kila siku. Sombe, lengalenga na kalembula vina vitamini K nyingi. Havileti vipele. Vinapunguza nguvu ya warfarini kama mtu anakula sahani kubwa leo, na kisha majuma mawili hagusi. Usimnyime mume wako sombe. Mpikie kwa kipimo kile kile kila juma, basi.

Sasa nije kwenye mambo mazito. Ni machache, lakini ukiona mojawapo usingoje asubuhi, usingoje mshahara, nenda lupitalo usiku huo. Uso au ulimi ukivimba na pumzi ikawa nzito. Vipele vikija pamoja na homa kali, au vidonda mdomoni, machoni, sehemu za siri, au ngozi ikitoa malengelenge na kubambuka. Na sehemu ya ngozi ikianza kuuma sana, ikawa nyekundu au ya zambarau, kisha nyeusi.

Juu ya hilo la mwisho nataka kukaa kidogo, sababu wanaopatwa nalo ni wanawake zaidi, na mahali pake panatia haya. Warfarini katika siku za kwanza, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 10, inaweza kufanya kinyume cha kazi yake: damu inaganda katika mishipa midogo ya ngozi, na ngozi inakufa. Ni kwa sababu dawa inashusha haraka vitu vya mwili vinavyozuia kuganda, kabla haijavishusha vile vinavyogandisha. Ndiyo maana wanganga wanaanza na heparini pamoja, wala hawatoi warfarini nyingi siku ya kwanza. Ngozi inayokufa ni ile yenye mafuta: matiti, mapaja, makalio, tumbo. Ni jambo la nadra, halifiki mtu mmoja katika 1000, na mimi sijaliona kwa macho yangu. Nimelijua kwa kufundishwa. Lakini nikifikiri juu ya mama wa kartie anayeona doa jeusi kwenye titi, na katika dispanseri kuna vijana wawili wanaume na mlango usiofungika, najua atarudi nyumbani bila kusema. Mama, katika dispanseri kuna infirmie wanawake. Sema tu kwa dirisha: «Nataka kuongea na mama.» Hakuna atakayekuuliza zaidi. Na sisi tutengeneze mlango ule.

Kwa heparini pia kuna doa linalofanana na hilo, pale sindano ilipoingia. Kipele kinachowasha pale pale kwenye tumbo ni jambo dogo kwa kawaida. Lakini pakigeuka peusi, hasa kati ya siku ya 5 na ya 10, damu yako ipimwe mara moja, maana dawa inaweza kuwa imeanza kuharibu vile vidude vinavyoziba jeraha, na kwa njia ya ajabu mtu wa hivyo anaganda damu zaidi.

Sasa, ikiwa kweli ni dawa ya damu iliyoleta vipele, je, ndiyo mwisho? Sivyo. Mara nyingine si dawa yenyewe, ni rangi iliyotiwa katika kidonge, na kidonge cha rangi nyingine au kisicho na rangi kinatosha kumaliza mambo. Mara nyingine munganga anabadilisha na kuweka dawa ya ukoo mwingine. Anabadilisha, nasema. Haachi mtu mikono mitupu. Mwenye valvu ya chuma ndiye hasa asiyeweza kukaa siku bila ulinzi, na zile dawa mpya za vidonge hazimfai yeye, kwa hiyo neno lake linataka munganga wa moyo. Warfarini ukiiacha, nguvu yake inakwisha mwilini kwa siku kama nne au tano. Hujisikii kitu siku hizo, na hilo ndilo linalodanganya: mtu anajiona mzima, anasema kumbe dawa haikuwa na kazi.

Kuna desturi tatu katika dispanseri na katika kartie ambazo napenda tuziache kwa wagonjwa hawa, na najua baadhi ya wenzangu hawatafurahi kuzisoma hapa. Ya kwanza ni sindano. Mtu akijikuna anaomba sindano, maana kwetu mgonjwa ambaye hakuchomwa anajiona hakutibiwa. Sindano ya nyama ya tako kwa mtu anayemeza warfarini inaweza kuacha uvimbe wa damu mkubwa kama chungwa. Apewe kidonge. Ya pili ni wembe. Wazee wetu wanachanja ngozi inayowasha na kupaka dawa nyeusi. Sitaki kubishana na wazee juu ya dawa yao, lakini wembe juu ya mtu huyu, hapana. Ya tatu inahusu usalama wa kazi moja kwa moja: kidonge cha muwasho cha namna ya zamani, klorfenamini, kinaleta usingizi. Tunampa dereva wa kamyo kubwa ya mgodi saa tano asubuhi, naye saa nane anashuka kwenye shimo na tani mia mgongoni. Nimeona kwa fishi zetu kwamba mara nyingi hakuna anayeandika «asiendeshe leo». Loratadini au setirizini zina usingizi kidogo zaidi, lakini hata kwa hizo tuulize kwanza mtu anafanya kazi gani.

Mtauliza kwa nini watumishi wanaficha vipele. Najua jibu, maana wananiambia tukiwa nje ya dispanseri, tukinywa munkoyo. Wanaogopa kutolewa chini ya ardhi na kupoteza ile nyongeza ya mshahara. Mtu anafikiri hivi: nikisema ngozi, wataandika «hafai kwa vumbi», nikisema dawa ya damu, wataandika «hafai kwa mashini», nikinyamaza, mwisho wa mwezi watoto watakwenda shule. Siwezi kumwambia mtu huyu kwamba hofu yake ni ujinga. Kweli, kuna watu wanahamishwa. Yule fundi wa magunia alihamishwa, na mshahara wake ulipungua kidogo, hakuficha kuniambia. Kwa hiyo sineni na watumishi peke yao hapa. Naomba wakubwa wa vipande na wa biro ya watumishi waliangalie jambo hili: mtu anayehamishwa kwa sababu alitangaza ugonjwa wa ngozi mapema asipoteze zaidi ya yule aliyeficha mpaka akabebwa kwa machela. Kwa sasa hesabu inampa faida anayeficha. Tukitaka watu watangaze vipele kama wanavyotangaza jiwe, tuwalipe kama tunavyowalipa kwa jiwe, yaani tusiwakate kitu.

Na shefu wa ekipe, mtu akikuomba saa moja kwenda dispanseri sababu ya kujikuna, usimcheke mbele ya wenzake. Muulize swali moja tu: unameza dawa ya damu? Akisema ndiyo, mruhusu sasa hivi.

Kwa upande wetu sisi wa dispanseri, tangu siku ya yule fundi nina desturi ambayo ningependa iwe ya wote. Kila mtu wa dawa hizi ana karatasi ndogo ndani ya karne yake: jina la dawa, kipimo, siku ya kuanza, INR ya mwisho. Nyuma ya karatasi ile naandika ngozi. Siku ipi vipele vilionekana, vilianza wapi, alimeza nini kipya katika majuma mawili, alifanya kazi wapi. Namwambia avue shati, hata kama mustari ni mrefu. Dakika nne hivi, sizidishi. Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba hizo ni kazi za munganga mkubwa. Lakini munganga mkubwa anakuja kwetu mara moja kwa juma, na vipele vinaweza kubadilika mara tatu kabla hajafika. Asipoviona yeye, asome angalau kwamba siku ya nne vilikuwa kifuani na siku ya sita vilishuka kwenye mikono.

Wala sisemi tena «labda». Kama sijui, nasema: «Sijui bado, baba. Endelea kumeza kidonge chako usiku huu, na kesho saa moja uwe hapa, nitakuwa nimeongea na munganga kwa simu.» Ikiwa ni mojawapo ya yale mambo mazito niliyotaja, namtuma lupitalo palepale na gari, na huko wataamua juu ya kidonge.

Yule fundi bado yuko katika kampani. Miezi yake ya warfarini ilikwisha zamani, lakini mwaka jana moyo wake ulianza kupiga bila mpango, akarudishwa kwenye dawa, safari hii Sintrom. Alinitafuta mpaka dispanseri hii ya sasa, ingawa si ya kartie yake. Juma lililopita alikuja akafungua shati kabla sijasema neno, akanionyesha kipele kimoja chini ya shingo. Niliweka gilasi, kikafifia. Kilikuwa cha mbu. Nikaandika tarehe nyuma ya karatasi, akafunga vifungo, akarudi magazini.